Fumba Macho Kwanza

Karatasi ya kulengea bastola kwa mita 25 ina duara la alama kumi lenye upana wa sentimita 5. Kutoka pale unaposimama, mstari wa duara hilo hauonekani. Unachokiona ni mviringo mweusi, na katikati yake hakuna nukta ya kukusaidia. Bastola ya mashindano ina vilengeo viwili, cha mbele na cha nyuma, na kanuni za ISSF, shirikisho la dunia la mchezo huu, haziruhusu umbali baina yao uzidi milimita 220. Sasa piga hesabu. Kilengeo cha mbele kikisogea kando kwa milimita 1 ndani ya pengo la kile cha nyuma, risasi itatua zaidi ya sentimita 11 kutoka katikati. Ulilenga kumi, umepata sita.

Hesabu hiyo ndiyo niliyompa mwana wa kaka yangu aliponipigia simu kutoka Columbus, jimbo la Ohio. Kijana amejiunga na klabu ya kulenga shabaha huko Marekani, mchezo umemwingia damuni, na sasa ataka silaha yake mwenyewe.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nataka kununua bastola ya kujipakia yenyewe, ile yenye shabaha kabisa. Wewe ulikuwa ukishindana. Nichukue ipi?"

"Wataka kupiga nini?"

"Karatasi, shangazi."

"Karatasi peke yake?"

"Na usiku nyumbani pia, likitokea la kutokea."

Nikamwambia hayo ni maswali mawili, na mimi nitamjibu moja. Bastola ya shabaha na bastola ya kiunoni zimetengenezwa kwa nia mbili tofauti, na mtu anayetaka moja ifanye kazi ya zote mbili huishia na chombo kisichomtosheleza popote. Ya kiunoni imeundwa iwe fupi, nyepesi, ivumilie jasho na vumbi, na kifyatulio chake kiwe kizito ili kisivutike kwa bahati mbaya. Ya shabaha imeundwa ili jambo moja lifanyike vile vile, mara kwa mara, bila kupungua. Kwanza amua unataka kuwa nani mbele ya hiyo silaha. Mambo ya aina na bei yafuate nyuma.

Nilivaa sare ya serikali kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo nilipata bahati ya kuingia kwenye timu ya kulenga shabaha. Sasa nimestaafu, niko kwetu Timbwani, upande huu wa kivuko cha Likoni, karibu na ufuo wa Shelly. Bastola ya mwisho niliyoishika niliirudisha ghalani, nikatia saini, nikaondoka mikono mitupu. Sina silaha nyumbani wala siitaki. Lakini yale niliyojifunza nikiwa nimeinyoosha kuelekea karatasi sijayaacha, na kila mwaka unaopita naona yananisaidia katika mambo ambayo hayana uhusiano wowote na baruti.

Wazee wetu walisema mchagua jembe si mkulima. Ninaiheshimu kauli hiyo, na kwa sehemu kubwa inasimama hata hapa, maana nimewaona watu waliobadilisha bastola mara kwa mara huku alama zao zikibaki pale pale. Lakini mkulima anayepewa jembe lenye mpini uliopasuka atatoka malengelenge, na mwaka ujao atalichukia shamba. Kuchagua kuna nafasi yake, ila kuwe na maarifa.

Basi nikaanza na kasiba. Bastola inayojipakia yenyewe hutumia nguvu ya risasi iliyotoka ili kulitema ganda na kuingiza risasi inayofuata, na wewe unavuta kifyatulio mara moja kwa kila risasi. Bastola nyingi za milimita 9 wanazobeba askari zina kasiba inayoinama, ubunifu uliotoka kwa John Browning, Mmarekani aliyefariki mwaka 1926. Risasi ikitoka, kasiba inarudi nyuma kidogo, inashuka, inafunguka, kisha inapanda tena na kujifunga. Ikirudi pale pale ilipokuwa, umesalimika. Ikirudi kwa tofauti ya unywele, karatasi itakuonyesha. Wapo mafundi waliozitengeneza kwa ustadi hata zikalenga vizuri mno, na SIG P210 ya Uswisi, iliyoanza kutumiwa na jeshi la huko mwaka 1949, inasifiwa hadi leo kwa hilo. Lakini ustadi huo una bei, na bei hiyo haimfai mtu anayeanza.

Bastola za risasi ya .22 hazina haja ya mizunguko hiyo. Risasi yake ina uzito wa gramu 2.6 hivi na nguvu yake ni ndogo, kwa hivyo kasiba hukazwa kwenye mwili wa bastola isiondoke kabisa, na kinachokwenda nyuma na kurudi ni kipande cha chuma kilicho nyuma yake. Kasiba na vilengeo hukaa pamoja, haviachani. Teke lake ni dogo, kelele yake ndogo, na risasi zake ni za bei nafuu kuliko za milimita 9, jambo ambalo maana yake ni mazoezi mengi zaidi kwa pesa ile ile. Hata kwenye Olimpiki, mashindano ya bastola ya mita 25 hupigwa kwa .22. Anayedhani .22 ni ya watoto hajasimama mbele ya shabaha tano akapewa sekunde 4 za kupiga zote tano.

Nikamtajia majina, kwa kuwa aliyataka. Ruger, kampuni iliyoanzishwa na Bill Ruger na Alexander Sturm huko Connecticut, ilizindua bidhaa yake ya kwanza mwaka 1949, nayo ilikuwa bastola ya .22 iliyouzwa kwa dola 37 na senti 50. Kizazi chake cha sasa, Mark IV, kilitoka mwaka 2016, na faida yake kubwa ni kwamba unaifungua kwa kubonyeza kitufe kimoja ili kuisafisha. Zile za zamani zilikuwa zikilenga vyema lakini kuzifungua na kuzirudisha kulimtoa mtu jasho, na silaha ngumu kusafisha mwishowe huwa silaha chafu. Browning Buck Mark iko sokoni tangu 1985. Smith & Wesson Model 41 ilitoka 1957 na bado ina wapenzi wake. Wale walioamua kuufanya mchezo huu kuwa maisha yao hununua Walther za Ujerumani au Pardini za Italia, na bei zake si za kuulizia tu kisha ukaondoka ukitabasamu.

"Sasa katika hizo nichukue ipi?" akaniuliza.

Sikumjibu. Nilimwambia aende dukani, amwombe muuzaji afungue na kumwonyesha kwamba bastola ni tupu, naye mwenyewe atazame kwa macho na kidole kwamba ni tupu, aielekeze mahali salama aliporuhusiwa, kisha afumbe macho. Ainue mkono kama atakavyoinua kwenye mstari wa kupigia, aiache itulie yenyewe, ndipo afumbue macho. Kama kilengeo cha mbele kimekaa katikati ya pengo la nyuma bila yeye kukirekebisha, hiyo ni ya mkono wake. Kama imetazama juu, au chini, au imepinda kando, airudishe mezani na ajaribu nyingine, hata kama ile ya kwanza ndiyo yenye jina na ndiyo iliyosifiwa na wenzake klabuni.

Sababu iko kwenye pembe ya mpini. Ruger ya asili ina mpini uliolala, kwa mfano wa Luger ya Kijerumani. Nyingine zina mpini uliosimama zaidi. Kiganja cha mtu hakijui habari za Wajerumani wala Wamarekani, kinajua mifupa yake. Mimi nina mkono mdogo. Katika timu yetu tulikuwa wanawake wachache, na bastola zilizokuwepo zilikuwa zimetengenezwa kwa viganja vya wanaume. Nilipokuwa nikifikisha kidole kwenye kifyatulio, mpini ulikuwa umekwisha kujizungusha ndani ya mkono wangu, na risasi zangu zikawa zinakwenda upande mmoja kila mara. Mkufunzi wetu, mtu mpole aliyezoea kutazama mikono kabla ya kutazama karatasi, alinibadilishia mpini tu. Bastola ilibaki ile ile. Alama zangu zikapanda kabla sijajifunza lolote jipya.

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku zile. Ni wangapi kati yetu walioambiwa hawawezi, kumbe wamepewa mpini wa mtu mwingine? Msichana anayeshindwa darasani kwa sababu anasomeshwa kwa namna iliyopangwa kwa ajili ya mtoto mwingine, mwenye nyumba nyingine na taa nyingine. Kijana anayelazimishwa biashara ya baba yake. Kabla hatujamhukumu mtu kwa risasi zilizokwenda kando, tungetazama kwanza mkono wake umeshikishwa nini.

Na habari ya kufumba macho ina shahidi mkubwa. Mikhail Margolin, Msovieti, alijeruhiwa kichwani mwaka 1924 akiwa na umri wa miaka 18, akapoteza macho yote mawili. Hakurudi nyuma. Akajifunza mitambo ya silaha kwa vidole, akawa anatengeneza mifano ya vipande kwa udongo wa kufinyangia na kwa mbao ili wachoraji waielewe fikra yake. Akabuni bastola ya .22 ya kujipakia yenyewe, iliyolengwa kwa mashindano, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaundwa viwandani na kutumiwa na walenga shabaha wa Kisovieti kwa miongo kadhaa. Mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Mtu ambaye hakuweza kuiona shabaha aliwapa wenye macho chombo cha kuipigia, kwa sababu alijua mkono unataka nini. Nilipomsimulia mpwa wangu habari hii alinyamaza, kisha akasema ataenda dukani Jumamosi.

Baada ya mpini, kifyatulio. Kanuni za ISSF zinataka kifyatulio cha bastola ya mita 25 kisivutike kwa uzito chini ya gramu 1,000. Bastola nyingi za askari huvutika kwa kilo 2 na nusu hivi, ilhali bastola yenyewe ikiwa tupu haifiki kilo moja. Yaani kidole kinavuta kwa nguvu inayopita uzito wa chombo kizima, halafu tunashangaa chombo kinasogea. Lakini usitafute wepesi peke yake. Kifyatulio chema ni kile kinachokatika mahali pale pale kila mara, bila kukwaruza wala kusita njiani. Kifyatulio kizito lakini cha kutegemeka kinamfaa mtu kuliko chepesi chenye vituko. Watu nao ni hivyo. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wakali ambao ulijua watasema nini na kwa nini, na nimefanya kazi chini ya wapole waliobadilika kila asubuhi. Wa kwanza walinilea.

Risasi nazo zichaguliwe. Kila bastola ya .22 ina aina inayoipenda, na hakuna anayeweza kukwambia ni ipi mpaka uzijaribu. Nunua aina kadhaa, pakiti ndogo ndogo, weka bastola juu ya mto wa mchanga mezani, piga kila aina kwenye karatasi yake, kisha tazama zipi zimekusanyika pamoja. Usitazame kama zimepata katikati. Vilengeo utavirekebisha baadaye. Tazama mkusanyiko. Chagua za mwendo wa kawaida, zisizozidi mwendo wa sauti, na ukipata zinazokubali, nunua za kutosha za toleo hilo hilo.

Mtu akifika hapo ana bastola ambayo, ikiwekwa juu ya mto, inaweza kuweka risasi zake zote ndani ya sentimita 5 za duara la kumi. Ndipo ukweli unapoanza. Kuanzia hapo, kila risasi iliyo nje ya kumi ni yako.

Jicho la mtu haliwezi kuona vizuri vitu vitatu kwa wakati mmoja: kilengeo cha nyuma, cha mbele, na karatasi. Lazima uchague. Anayeanza hutazama karatasi, kwa sababu ndiko anakotaka kufika, na vilengeo vyake vinakuwa ukungu. Ndipo ile milimita moja inapotoroka bila yeye kujua. Mlenga shabaha hukaza jicho kwenye kilengeo cha mbele, kilicho mwisho wa mkono wake, na kuiacha karatasi iwe doa la kijivu. Ilinichukua muda mrefu kuliamini hilo, kwa kuwa linakwenda kinyume na tamaa. Leo nikiona kijana aliyeshika picha ya maisha ya miaka kumi ijayo huku kazi ya leo imemwia ukungu, namwambia atazame kilicho mwisho wa mkono wake.

Halafu mkono wenyewe. Hautulii. Hata mkono wa bingwa hautulii. Damu inapita, moyo unapiga, pumzi inaingia na kutoka. Kilengeo kinaelea juu ya doa jeusi, kinakwenda na kurudi. Anayeanza hungoja kipite katikati kisha hukwapua kifyatulio upesi, na kwa kukwapua huko anaipeleka risasi mbali zaidi kuliko ambako mtetemo ungeipeleka. Dawa ni kukubali kwamba unatetemeka, na kuongeza mzigo kidoleni polepole, bila kuagiza ni lini risasi itoke. Na ikiisha kutoka, kaa vile vile. Usishushe mkono kuchungulia umepata ngapi. Endelea kukitazama kilengeo mpaka kirudi mahali pake. Wengi huharibu risasi nzuri kwa hamu ya kuisifu kabla haijatoka kwenye kasiba.

Ukiona huwezi, subiri. Shusha mkono, pumua, anza upya. Hiyo ni haki ya kila mlenga shabaha kwenye mashindano ya usahihi, na ni haki ambayo wachache wanaitumia. Mkufunzi wetu alikuwa akitusifu kwa risasi tulizokataa kupiga. Alisema hapo ndipo anapojua nani anafaa kukabidhiwa silaha nje ya renji, na mimi nakubaliana naye hadi leo.

Mpwa wangu aliniuliza kama amechelewa, maana wenzake klabuni walianza wakiwa watoto. Nikampa habari za Károly Takács wa Hungaria. Alikuwa sajini jeshini, na mwaka 1936 hakuingizwa kwenye timu ya Olimpiki kwa sababu nafasi zilikuwa za maafisa. Mwaka 1938 guruneti lilimlipukia mkononi, mkono wa kulia, ule wa kupigia. Akajifunza kwa wa kushoto. Vita vikafuta michezo ya 1940 na ya 1944. Mwaka 1948 akafika London akiwa na miaka 38, akatwaa dhahabu ya bastola ya kasi ya mita 25, na mwaka 1952 akaitwaa tena Helsinki. Na juzi tu, mwaka 2024, dunia nzima ilimwona Yusuf Dikeç wa Uturuki, mtu wa miaka 51, amesimama mkono mmoja mfukoni na miwani ya kawaida usoni, akipiga bastola ya upepo ya mita 10 na kurudi nyumbani na medali ya fedha aliyoipata pamoja na Şevval İlayda Tarhan. Watu walicheka mtandaoni kwa mapenzi. Sisi tunaoujua mchezo tuliona mwili uliotulia, na mkono uliowekwa mfukoni ili usiyumbishe mabega.

Lakini kuna jambo nilimwambia kwa sauti nyingine. Yeye yuko mahali ambapo duka la silaha liko karibu na duka la viatu. Sisi hatuko hivyo, na mimi sioni haya kusema naona heri. Kenya, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, raia hana silaha kwa kuwa anaitaka. Ana cheti alichokabidhiwa na Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, na kinaweza kuchukuliwa. Mwishoni mwa 2018 serikali iliwaamuru raia wote wenye silaha wakakaguliwe upya, wakiwemo walenga shabaha. Wapo walionung'unika. Mimi nakumbuka Dunblane, Scotland, tarehe 13 Machi 1996: mtu mwenye bastola alizozimiliki kihalali aliingia shuleni akaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata Uingereza ikapiga marufuku bastola, hata za .22, na walenga shabaha wake wakalazimika kwenda nchi nyingine kufanya mazoezi. Mchezo mzima ulianguka kwa sababu ya mtu mmoja. Basi sanduku la chuma lenye kufuli, risasi kuwekwa mbali na bastola, na moyo wa kumwambia mwenzako klabuni "leo hauko sawa, nenda nyumbani", vyote hivyo ni sehemu ya kulenga shabaha.

Na mimi niko Timbwani. Hapa kwetu ukitaja bastola barazani, mazungumzo yanakatika. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi waliingia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi sita na kubeba silaha za ghala. Katika wiki zilizofuata watu zaidi ya mia moja walikufa, na maelfu kwa maelfu wakavuka feri na mabegi vichwani. Jumapili ya tarehe 23 Machi 2014 watu wenye bunduki waliingia kanisani Likoni wakati wa ibada, watu sita wakafa, na mtoto mdogo akabaki na risasi kichwani hadi madaktari wa Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, walipoitoa. Akapona, alhamdulillahi. Watu wa hapa wameijua silaha kwa upande wa mdomo wake. Sitawaambia waipende.

Ninachosema ni kwamba vijana wetu tayari wanaijua silaha kwa njia mbaya zaidi, kwenye filamu na kwenye simulizi za vichochoroni, ambako risasi haina uzito na anayepiga haraka ndiye mwanamume. Hakuna anayewafundisha kinyume chake. Kwenye mstari wa kupigia, mwenye papara hushindwa mbele ya macho ya wote, na karatasi yake hubandikwa. Anayejua kushusha mkono ndiye anayeshinda. Mvulana aliyepitia somo hilo hawezi tena kudanganywa kwamba kufyatua ni ushujaa.

Wala hatuhitaji baruti. Bastola ya upepo ya mita 10 hutema kidonge kidogo cha risasi kwa nguvu ya hewa iliyobanwa, kifyatulio chake ni cha gramu 500, na duara la kumi la karatasi yake lina upana wa milimita 11.5. Yote niliyoyasema hapo juu yanafundishika kwa chombo hicho: mpini, jicho, kidole, pumzi, kukataa kupiga. Mkenya mwenzetu, Priscilla Mburu, alifika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 kwa bunduki ya upepo ya mita 10. Binti wa Mtongwe au wa Jamvi la Wageni naye ana macho na mikono.

Mpwa wangu alichukua Buck Mark. Ile aliyoitaka mwanzo, ya jina kubwa na bei kubwa, ilipinda kando alipofumbua macho, naye akawa na busara ya kuirudisha mezani. Ananitumia picha za karatasi zake, na mimi namtumia maswali.

Kwa wakuu wa michezo wa Kaunti ya Mombasa na kwa viongozi wa shirikisho la kulenga shabaha nchini, ombi langu ni hili. Likoni ina kumbi za jamii ambazo urefu wake unatosha. Leteni bastola chache za upepo, ziwe mali ya shirikisho, zikaguliwe na polisi, zifungiwe na zisivuke mlango wa ukumbi. Walimu tupo, wastaafu wa vikosi tumejaa upande huu wa feri. Mimi nitafundisha wasichana bila malipo, na nitaanza wiki mtakayofungua mlango.